Max Cleland: Yanayosemwa na Yaliyotokea

Max Cleland, mwanasiasa wa Marekani aliyejeruhiwa wakati wa vita vya Vietnam, alifariki Atlanta tarehe 9 Novemba 2021, akiwa na miaka 79. Akitajwa, watu hukumbuka kiti cha magurudumu na lile tangazo la kampeni lililorushwa dhidi yake kwenye televisheni mwaka 2002, na yote mawili husimuliwa kombo.

"Alipoteza miguu kwa bomu la adui."

Sivyo. Tarehe 8 Aprili 1968 Kapteni Cleland, ofisa wa mawasiliano katika divisheni ya jeshi la Marekani iliyokuwa ikisafirishwa kwa helikopta, alishushwa kwenye kilima karibu na Khe Sanh, Vietnam, kwenda kusimika kituo cha kupokezana redio. Hawakuwa wakishambuliwa. Aliona bomu la mkono chini, akadhani limemdondoka yeye, akainama kuliokota. Katika viungo vinne alibaki na mkono wa kushoto peke yake: miguu iliondolewa juu ya magoti, mkono wa kulia chini ya kiwiko.

"Basi ulikuwa uzembe wake."

Hii ni mbaya zaidi, maana mwenyewe aliiamini kwa miaka 31, na hata baada ya ukweli kujulikana wapinzani wake wa kisiasa waliendelea kuitumia. Mwaka 1999 mwanajeshi wa zamani wa kikosi cha Marine cha Marekani, aliyekuwapo pale na kumfunga majeraha, alimwona kwenye televisheni akisimulia mkasa huo, akampigia simu. Bomu lilikuwa la askari kijana, mgeni wa vita, aliyekuwa amezinyoosha pini za mabomu yake.

Kuelewa kosa hilo, fikiria ile pini yenye ncha mbili ambayo fundi huipitisha kwenye nati ya gurudumu kisha akazikunja ncha zake ili isichomoke njiani. Pini ya bomu la mkono ni vivyo hivyo. Askari asiye na uzoefu huzinyoosha ncha akihofia kwamba siku ya kukabiliwa pini itakuwa ngumu kuvuta. Zikinyooka, tawi la mti au mkanda wa begi unatosha kuichomoa. Pini ikitoka na hakuna mkono ulioshika wenzo, springi huurusha wenzo pembeni, nyundo ndogo inagonga fataki, utambi unawaka ndani kwa sekunde 4 au 5, halafu basi. Cleland alinyoosha mkono sekunde hizo zikiwa zimekwisha kuhesabiwa.

"Nishani yake ya Silver Star ni ya kufidia ajali."

Angalia tarehe: nishani hiyo ya ushujaa ni ya matendo ya 4 Aprili, siku nne kabla ya ajali. Roketi na mizinga ilikuwa ikiangukia makao ya batalioni, naye akatoka kwenye handaki kuwahudumia majeruhi, kisha akakusanya watu watengeneze mitambo ya mawasiliano iliyoharibika. Nishani ya majeruhi wa vita, Purple Heart, hutolewa kwa jeraha linalotokana na adui, kwa hiyo ajali ya kilimani haikuhusika nayo.

"Alikuwa waziri wa maveterani, halafu waziri wa mambo ya nje."

Hapa tafsiri ndiyo inayotupoteza. Rais Carter alimteua mwaka 1977, akiwa na miaka 34, kuongoza shirika la serikali la maveterani, ambalo halikupewa hadhi ya wizara hadi 1989. Kazi yake kubwa kule hata haitajwi: vituo vya ushauri vilivyoanzishwa mwaka 1979. Wengi waliotoka Vietnam hawakutaka hata kulikaribia lango la hospitali za serikali. Kwa hiyo vituo viliwekwa mitaani, mbali na wodi na foleni, na washauri wengi walikuwa wenyewe wamepigana Vietnam. Ni mwaka mmoja baadaye, 1980, ndipo mwongozo rasmi wa madaktari wa akili wa Marekani ulipoutambua msongo wa baada ya kiwewe kwa jina lake la sasa.

Ama huo "uwaziri wa mambo ya nje", cheo chake kilikuwa cha jimbo la Georgia, 1983 hadi 1996. Jina, Secretary of State, ni lilelile la cheo cha waziri wa mambo ya nje kule Washington, lakini kazi ni kusimamia uchaguzi na kusajili kampuni. Balozi hata mmoja hayumo.

"Alishindwa useneta kwa kupinga vita vya Iraq."

Oktoba 2002, akiwa seneta wa Georgia, alipiga kura ya kuviruhusu. Ubishi ulikuwa juu ya Wizara ya Usalama wa Ndani: aliiunga mkono wizara, ila alitaka wafanyakazi wake walindiwe haki zao za ajira. Tangazo la mpinzani wake, Saxby Chambliss, ambaye hakwenda Vietnam, lilianza kwa sura za Osama bin Laden na Saddam Hussein kabla ya kumfikia Cleland na kura zake kuhusu wizara hiyo. Wengine husema uso wake ulibadilishwa ukawa wa Osama; halikufanya hivyo, na wala halikuhitaji. Chambliss alipata takriban asilimia 53.

"Aliondoka tume ya Septemba 11 kwa hasira."

Tume hiyo ilichunguza mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Hasira alikuwa nayo, na aliilaumu Ikulu ya Marekani hadharani kwa kubana nyaraka. Lakini alitoka mwishoni mwa 2003 kwa sababu aliteuliwa kwenye bodi ya Benki ya Export-Import, benki ya serikali kuu, na sheria ya tume haikuruhusu mjumbe awe ofisa wa serikali kuu. Nafasi ilikwenda kwa Bob Kerrey, seneta wa zamani aliyepoteza sehemu ya mguu Vietnam.

Kuanzia 2009 hadi 2017 alikuwa katibu wa tume inayotunza makaburi ya wanajeshi wa Marekani ng'ambo. Moja ya makaburi hayo lipo Carthage, Tunisia: misalaba na nyota za Daudi 2,841, na pembeni ukuta wa majina ya wasiopatikana.