Salt Lake City 2002: yanayosemwa na yaliyotokea

Olimpiki ya Majira ya Baridi ikikaribia, kashfa ya majaji katika shindano la jozi (mwanamume na mwanamke) la kuteleza kwenye barafu, Salt Lake City 2002, huibuka tena, kila mara ikiwa imeongezwa chumvi. Chumvi hiyo inawaumiza wachezaji ambao hawakuwa na kosa.

"Warusi walinyang'anywa dhahabu." Hapana. Elena Berezhnaya na Anton Sikharulidze wanayo hadi leo. Wakanada Jamie Salé na David Pelletier, waliokuwa wameshika nafasi ya pili, walipewa nao dhahabu siku chache baadaye.

"Kila mwenye macho aliona Warusi wamebebwa." Hapa ndipo watu wanapochanganya mambo mawili. Ni kweli Sikharulidze aliyumba alipotua kwenye mruko mmoja, na Wakanada hawakukosea. Ukumbi ulizomea. Lakini kura za majaji zilikuwa 5 kwa 4, na kwa mfumo wa zamani, ambao alama ya juu kabisa ilikuwa 6.0, jaji alipima ufundi na pia uwasilishaji. Jaji mwaminifu angeweza kuwachagua Warusi kwa ugumu na umaridadi wa programu yao.

Uchafu ulikuwa kwenye kura moja. Jaji wa Ufaransa, Marie-Reine Le Gougne, alieleza kwamba rais wa shirikisho la nchi yake, Didier Gailhaguet, alimshinikiza awape Warusi ushindi, ili Urusi nayo iwaunge mkono Wafaransa Marina Anissina na Gwendal Peizerat kwenye dansi ya barafu. Baadaye jaji huyo aligeuza kauli, na Gailhaguet alikana. Shirikisho la Kimataifa la Kuteleza, ISU, liliwafungia wote wawili miaka 3. Hakuna mchezaji aliyepatikana na hatia, kwa hiyo kuwaita Berezhnaya na Sikharulidze wezi ni kuwaonea.

"Mfumo mpya ulimaliza upendeleo." Kuanzia 2004 alama za 6.0 ziliachwa. Kila mruko na kila mzunguko ukawa na thamani yake, na alama ya juu kabisa na ya chini kabisa kati ya za majaji zikawa zinaondolewa. Hayo yalikuwa maendeleo. Kosa kubwa, kwa maoni yangu, lilikuwa kuficha nani kati ya majaji ametoa alama gani. Hoja ilikuwa kwamba bosi wa shirikisho asipoweza kuhakiki kura, hatakuwa na sababu ya kuinunua. Mchumi Eric Zitzewitz wa Chuo cha Dartmouth alichambua alama hizo akakuta upendeleo kwa wachezaji wa nchi ya jaji haukupungua; uliongezeka. Pazia lililomzuia mnunuzi lilimzuia pia mwandishi wa habari, mtazamaji na jaji mwenzake.

"Sochi 2014 imethibitishwa kuwa wizi." Hapa wanazungumzia shindano la wanawake la Olimpiki ya Sochi, Urusi. Haijathibitishwa. Adelina Sotnikova wa Urusi alipata 224.59, Yuna Kim wa Korea Kusini 219.11, na malalamiko ya Wakorea kuhusu jopo la majaji yalitupwa. Hata hivyo, naelewa hasira yao. Katika jopo hilo alikuwemo Alla Shekhovtseva, mke wa kiongozi wa juu wa shirikisho la Urusi. Alikuwemo pia Yuri Balkov wa Ukraine, aliyewahi kufungiwa mwaka mmoja baada ya jaji wa Kanada kumrekodi kwenye simu akizungumzia nafasi za washindani wa dansi kabla ya shindano la Olimpiki ya Nagano 1998. Kumrudisha mtu huyo kwenye meza ya Olimpiki ni aibu ya ISU, na kwa kuwa alama zilifichwa, hakuna shabiki aliyeweza kujua yeye alitoa zipi.

Mwaka 2016 ISU iliondoa pazia hilo. Miaka miwili baadaye, baada ya Olimpiki ya PyeongChang, majaji wawili wa China, Chen Weiguang na Huang Feng, walifungiwa kwa kuwapendelea wachezaji wa nchi yao. Safari hii alama zao zilikuwa wazi, na kila mtu aliweza kuzisoma mwenyewe.