Mechi ya marudiano na kompyuta: soma mkataba kwanza

Kila ninapowafundisha wanafunzi wangu wa chesi pambano la Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa chesi, na Deep Blue, kompyuta ya kampuni ya IBM, hakosi mmoja wa kusema: asiyekubali kushindwa si mshindani. Kwao, Kasparov alipofungwa Mei 1997 angenyamaza, asidai marudiano. Sikubaliani nao hata kidogo. Msimamo wangu ni kwamba bingwa akubali kurudiana na mashine pale tu anapojua anarudiana na nani.

Tuanzie Philadelphia, Februari 1996. Kasparov alipoteza mchezo wa kwanza, akajikusanya, akaisoma mashine taratibu, akamaliza kwa 4–2. Mwaka uliofuata akakubali kurudiana nayo New York. Jina lilikuwa lilelile, lakini aliyemkuta mezani alikuwa mwingine. Deep Blue hii ilikuwa na chipu 480 zilizotengenezwa kwa kazi ya chesi peke yake, ikipima nafasi milioni 200 kwa sekunde, mara mbili ya ile ya awali. Mabingwa wa chesi walikuwa wamekaa na wahandisi wakirekebisha namna inavyoithamini kila nafasi. Kasparov hakuwa ameona michezo yake mipya hata mmoja, ilhali michezo yake yeye ya miaka yote ilikuwa wazi kwa kila anayeitaka. Na kanuni ziliruhusu programu iguswe kati ya mchezo na mchezo. Mwanadamu analala na kichwa chake na kuamka nacho kilekile.

Mchezo wa pili ndio ninaourudia zaidi darasani. Kasparov alikuwa na kete nyeusi. Programu za enzi hizo zilikuwa na uroho: ukiziachia kitunda, yule askari mdogo wa mbele, zinakimbilia kumla. Hapo malkia wa Deep Blue alikuwa na nafasi ya kupenya na kula vitunda. Hakwenda. Katika hatua ya 37 mashine ikamweka askofu kwenye mraba wa e4, ikaziba kila mwanya ambao Kasparov angeutumia kupumua. Akatikisika. Baada ya hatua ya 45 alikubali kushindwa, na kesho yake wachambuzi wakamwonyesha kwamba malkia wake angeingia e3 na kutafuta sare kwa cheki za mfululizo, yaani kumshambulia mfalme bila kumpa nafasi ya kupumua.

Nafasi hiyo huwa naiweka ubaoni bila kusema imetoka wapi. Wapo wanafunzi wanaojaribu malkia e3 bila woga wowote, kwa kuwa hawajui aliye upande wa pili. Kasparov hakushindwa kuhesabu. Aliamini kwamba kitu kinachoweza kucheza askofu e4 hakiwezi kuacha mwanya wa sare. Alimwogopa mpinzani asiyemfahamu. Mchezo wa sita ulikwisha kwa hatua 19 tu, jumla ikawa 3½–2½. Alipoomba marudiano, IBM walikataa na mashine ikastaafishwa. Kila upande ulikuwa umeshinda mechi moja, na mmoja ukaondoka uwanjani. Kudai ya tatu ilikuwa haki yake.

Vladimir Kramnik, bingwa mwingine wa dunia, alijifunza hapo. Kabla ya kukutana na programu ya Deep Fritz huko Bahrain mwaka 2002 alipewa programu mapema ajizoeze nayo. Wakatoka sare, 4–4. Marudiano yalifanyika Bonn mwaka 2006, na safari hii aliruhusiwa hata kuona hazina ya funguzi za mashine, yaani hatua za mwanzo ilizohifadhi, wakati mchezo ukiendelea. Alifungwa 4–2. Katika mchezo wa pili alimpeleka malkia e3, mraba uleule, asione kwamba malkia mweupe anampiga chekimeti h7 kwa hatua moja. Bado inaniuma kuitazama. Lakini hakuna aliyebaki akijiuliza ndani ya mashine kulikuwa na nini. Kosa lilikuwa lake, likaonekana, pambano likaisha.

Leo kucheza sawa kwa sawa hakuna maana tena, maana programu ya kwenye simu inamfunga bingwa yeyote. Januari 2016 mchezaji bingwa Hikaru Nakamura alicheza michezo minne na programu ya Komodo akipewa faida tangu mwanzo, mara kitunda, mara hatua za kutangulia, na bado akapoteza 2½–1½. Hapo ndipo marudiano yanaponivutia: faida ikiongezwa kidogo kidogo, tutajua mwanadamu anasimama wapi hasa.

Kwa hiyo bingwa akiniuliza, nitamwambia akubali, kwa masharti. Mashine ianze bila farasi mmoja. Programu akabidhiwe wiki kadhaa kabla, na isiguswe tena hadi mchezo wa mwisho. Na kumbukumbu za hesabu za mashine, zile alizoziomba Kasparov katikati ya mechi asipewe, ziwekwe wazi jioni ileile, kabla hajaenda kulala.