Kabla hujaomba uhamisho: namna ya kusoma matokeo ya shule ya kata

Tangu matokeo ya kidato cha nne yatoke, dawati letu la elimu sekondari limepokea barua nyingi za wazazi wa Dodoma Mjini wanaotaka kuhamisha watoto. Sababu inayoandikwa karibu zote ni ileile: "shule ina matokeo mabaya." Wengine wameambatisha orodha iliyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, shule zimepangwa kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho.

Orodha hiyo haikutoka Baraza la Mitihani. NECTA iliacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora Januari 2023, kwa sababu shule hazifanyi kazi katika mazingira yanayofanana. Aliyeitengeneza amepanga GPA, yaani wastani wa pointi za shule, kutoka kubwa kwenda ndogo, hivyo zilizofanya vibaya zaidi ndizo zimekaa juu. GPA ya kituo cha mtihani si ya chuo kikuu. A ni pointi 1, F ni pointi 5. Kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo shule ilivyofanya vizuri. Hili tumelieleza kwenye vikao vya wazazi zaidi ya mara moja.

Lipo na suala la "asilimia ya ufaulu". Hesabu hiyo inajumlisha daraja la kwanza hadi la nne. Zinajumlishwa pointi za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi: daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33, na 34 au 35 ni ziro. Mwanafunzi mwenye D mbili na F tano ana pointi 33, naye anahesabiwa amefaulu. Anayetaka kujua ubora ahesabu waliopata daraja la kwanza hadi la tatu, kisha agawanye kwa waliofanya mtihani.

Tuchukue shule mbili za mfano, wala msianze kutafuta majina. Moja ni ya bweni, ina wasichana 80 waliochaguliwa kwa alama za juu za darasa la saba, na haina ziro hata moja. Nyingine ni ya kata, ya kutwa, iliyosajili watahiniwa 190 wakafanya 178. Ziro zipo 20, na 54 wamepata daraja la kwanza hadi la tatu. Ipi imefanya kazi kubwa zaidi? Ofisi haitoi jibu, lakini asilimia peke yake nayo haiwezi kulitoa. Msalato, shule ya wasichana ya hapa Dodoma, ni ya vipaji, inapokea waliochujwa kwa sababu ndivyo ilivyokusudiwa. Shule ya kata inapokea waliopangiwa kutoka eneo lake: mtoto wa karani wa Mtumba, wa muuza mboga wa soko la Majengo, na wa mfugaji wa pembezoni mwa jiji. Na wanaongezeka. Sensa ya 2012 ililikuta jiji lina watu 410,956, ya 2022 ikakuta 765,179.

Kwenye ukurasa wa matokeo, tazama kwanza idadi ya waliosajiliwa, waliofanya na wasiofika, pamoja na mgawanyo wa wavulana na wasichana. Watu huruka sehemu hii, ilhali ndiyo inayosema mengi. Kisha muulize mkuu wa shule: kundi hili lilipoanza kidato cha kwanza walikuwa wangapi? Shule iliyoanza na 160 ikamaliza na 90 bila ziro imepoteza watoto 70 njiani. Baadhi yao wamehama kihalali au wanarudia kidato cha pili. Wengine hawajulikani walipo.

Hapa kwetu hupotea kwa namna inayotabirika. Shule hufunguliwa Januari, na mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Mtama na uwele vinapaliliwa wakati uleule mtoto anapokutana na Biolojia kwa Kiingereza kwa mara ya kwanza. Mvulana anaitwa kuchunga. Msichana anayetoka mbali anapangishiwa gheto bila mtu mzima wa kumwangalia, halafu mzazi anashangaa. Wengi huamini wasichana wanaacha shule kwa sababu ya mimba tu. Takwimu za kitaifa zinaonyesha sababu inayoongoza ni utoro, kwa wavulana na wasichana.

Hilo halipunguzi uzito wa sheria. Kifungu cha 60A cha Sheria ya Elimu, kilichoongezwa mwaka 2016, kinaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Anayesaidia au kushawishi mwanafunzi aolewe anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo cha miaka mitano, au vyote viwili. Mkuu wa shule anatakiwa kutoa taarifa ya matukio hayo kila robo mwaka pamoja na hatua zilizochukuliwa. Wazazi wanaoomba "tuyamalize nyumbani" wanamwomba avunje sheria. Aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani kwa Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021. Bado tunasikia watu wakisema haruhusiwi.

Kama bado unataka uhamisho, barua inaanzia kwa mkuu wa shule anayosoma mtoto sasa. Mkuu wa shule unayoiomba anathibitisha kwa maandishi kwamba nafasi ipo. Ndipo maombi yanafika kwetu, na kama ni mkoa kwa mkoa, ofisi ya elimu ya mkoa inahusika. Weka namba ya PReM, ile ya utambulisho ambayo mtoto alipewa tangu shule ya msingi. Barua isiyo nayo itarudishwa. Simu ya mheshimiwa haiongezi kiti darasani. Na aliyekwisha kusajiliwa kwa mtihani wa kidato cha pili au cha nne anafanyia kwenye kituo alichosajiliwa, kwa hiyo usimtoe mtoto shuleni kwanza ndipo utafute kibali. Siku zote anazokaa nyumbani akisubiri zinaandikwa utoro.