Thamani ya sasa, kwa lugha ya mstaafu

Mwambie mstaafu kwamba "thamani ya sasa ya mafao yako imeshuka kwa sababu riba imepanda", uone kama hatarudi nyumbani akiamini ameibiwa. Kihesabu sentensi ni sahihi. Tatizo ni kwamba haijamweleza kitu.

Chama cha watakwimu bima (actuaries, wataalamu wa hesabu za bima na pensheni) cha Uingereza, ambacho mitihani yake hufanywa pia na vijana wa Kenya na Tanzania, kwa miaka kadhaa kilikuwa na mtihani mzima wa jambo hili, CA3. Mtahiniwa alipewa maelezo yaliyojaa istilahi, naye amwandikie mtu wa kawaida au aandae wasilisho. (Kwa Kiingereza, bila shaka, Kiswahili chake kila mtu anajitafutia akishafika kazini.)

Basi thamani ya sasa ni kiasi cha kuweka leo ili siku ya ahadi ikifika, pesa iwe imetimia. Tuseme umeahidiwa shilingi 1,000,000 baada ya miaka 10. Pesa ikikaa mahali inapozaa asilimia 8 kwa mwaka, na faida isiguswe, inatosha kuanza na shilingi 463,200 hivi. Ikizaa asilimia 10, utahitaji kama 385,500 tu. Shamba likizaa zaidi, mbegu chache zinatosha. Milioni yako iko palepale; kilichopungua ni mbegu.

Lakini mfano wa shamba usikulevye. Anayesubiri pensheni ya kila mwezi iliyokwisha kupangwa hana cha kuhofia katika hesabu hii. Anayetaka kuhamisha haki yake yote na kuichukua kwa mkupuo anapewa zile mbegu zenyewe, si mavuno, kwa hiyo riba ikipanda atapokea pungufu kwelikweli. Kumwambia huyu "usijali, ahadi haijabadilika" ni kumdanganya kwa upole. Ndiyo maana kabla ya kuandika mimi huanza kuuliza: huyu msomaji anataka kuamua nini?

Kwa wa pili ningeandika hivi: "Ukibaki kwenye mfuko, pensheni yako ya kila mwezi ni ileile. Ukiondoka sasa, utapewa pesa kidogo kuliko tulizokutajia mwaka jana, kwa sababu tunakadiria kwamba pesa utakazowekeza leo zitazaa haraka zaidi. Zisipozaa hivyo, hasara ni yako, si ya mfuko."