Andorra Haidai Viza, Njia Ndiyo Inayodai

"Kaka, hii hapa," aliniambia dada mmoja muuza manukato wa Kariakoo, akaiweka simu mezani kwangu kabla hajavuta kiti. Kwenye skrini kijana alikuwa anataja nchi za Ulaya "unazoingia na pasi ya Tanzania bila viza", na ya kwanza ilikuwa Andorra. Dada huyu alishaangalia bei za manukato ya kule, alishaona picha za theluji, na nauli alishaipigia hesabu. Kwangu alitaka tiketi tu.

Kazi yangu ni kuandaa safari na mafaili ya viza, na sipendi kumkatisha mtu tamaa akiwa bado amesimama. Nikamwomba aketi, nikaagiza chai. Shida ni kwamba kijana yule hakusema uongo. Andorra kweli haidai viza ya utalii. Haiidai kwa Mtanzania, Mkenya, Mrundi wala Mmarekani. Unaruhusiwa kukaa kama mtalii hadi miezi mitatu na pasi yako tu. Alichonyamazia ni kwamba nchi hiyo haina uwanja wa ndege, haina reli, haina bahari. Ni kilomita za mraba 468 zilizobanwa kwenye milima ya Pyrenees, kusini Hispania, kaskazini Ufaransa, basi. Unaifikia kwa barabara, na kila barabara inaanzia kwenye nchi ya Schengen, yaani lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja na zisizokaguana pasi mipakani.

Kuna helikopta, ndiyo. Zinaruka kutoka Barcelona na Toulouse. Kuna pia uwanja mdogo unaoitwa Andorra–La Seu d'Urgell, na jina hilo limeshawapoteza wengi, maana uwanja wenyewe uko ndani ya Hispania, kilomita kama 12 kabla ya mpaka. Hata mfumo wa utawala wao unakuambia habari hiyohiyo. Tangu 1278 nchi ina wakuu wawili kwa pamoja, Askofu wa Urgell aliyeko Hispania na mkuu wa Foix wa upande wa Ufaransa, ambaye nafasi yake siku hizi inashikwa na rais wa Ufaransa. Katiba yao ya 1993 haikuwaondoa. Kwa hiyo mlango wa kuingilia Andorra uko ama kwa askofu, ama kwa rais, na milango yote miwili inalindwa kwa viza ya Schengen.

"Sasa si niombe viza ya Hispania tu, yaishe?" akauliza.

Hapo ndipo penye kazi, na ndipo watu wanapoteza hela zao.

Andorra haimo katika Umoja wa Ulaya, wala haimo katika Schengen. Inatumia yuro kwa makubaliano maalumu, lakini basi lako likivuka kituo cha La Farga de Moles upande wa Hispania, au likipanda hadi Pas de la Casa kutokea Ufaransa, kisheria umetoka Schengen. Ukitaka kurudi Barcelona kupanda ndege ya nyumbani, unaingia Schengen upya. Unaingia mara ya pili.

Chukua stika ya viza uitazame. Kuna kisanduku cha idadi ya kuingia, na ndani yake huandikwa 01, 02 au MULT, yaani mara moja, mara mbili au mara nyingi. Mtu anaangalia tarehe, anaangalia picha yake kama imetoka vizuri, anaipiga picha kuwatumia ndugu, kisanduku hicho hakioni. Ikiwa ni 01, viza yako ilitumika siku ulipotua. Ukishatoka imekufa, hata kama imebaki na siku ishirini juu yake. Uko Andorra kihalali kabisa, hakuna wa kukufukuza, ila huna njia ya kuondoka. Unabaki kumtegemea afisa mmoja barabarani, akikuonea huruma utapita, asipokuonea ndio unaanza kutafuta namba za ubalozi ukiwa milimani.

Nitasema ukweli, maana kuna watakaoniandikia kwamba wao walipita na 01 na hawakuulizwa. Nawaamini. Magari mengi yanapita mpaka ule bila pasi kufunguliwa, na maafisa wanaangalia zaidi buti za magari kuliko nyuso za watu. Lakini mimi simuuzii mteja bahati ya mtu mwingine. Na tuseme wazi, basi lenye abiria hamsini likisimamishwa, pasi ya Afrika Mashariki ndiyo inayoangaliwa kurasa zote.

Mahali pa kuingilia nako kunahesabiwa kivyake. Ukitoka Dar kwa ndege inayopitia Amsterdam, umeingia Schengen Amsterdam. Safari ya kutoka hapo kwenda Barcelona ni kama ya Dar kwenda Mwanza, hakuna uhamiaji tena. Ukipitia Doha au Istanbul na ukabaki ndani ya uwanja kusubiri ndege, hujaingia popote, utaingilia Barcelona. 

Basi unaomba wapi? Kanuni ni kuomba kwa nchi ya Schengen utakayokaa siku nyingi zaidi. Dada wa manukato alitaka usiku nne Andorra na tatu Barcelona, akafikiri mambo yatavurugika kwa kuwa Andorra ndiyo nyingi. Haivurugi, kwa sababu Andorra haimo kwenye hesabu. Usiku wake tatu wa Barcelona ndio Schengen yake yote, hivyo Hispania ndiyo inayohusika. Angepitia Toulouse na kulala huko, faili lingekwenda Ufaransa. Usichague ubalozi kwa kusikia kwamba fulani "wako rahisi". Wanasoma ratiba.

Kwenye fomu, alama ya kuingia mara moja ndiyo watu wanayoigonga bila kufikiri. Weka mbili, au nyingi, kisha ithibitishe kwa karatasi. Sisi tuliweka hoteli ya Barcelona ya mwanzo na ya mwisho, hoteli ya Andorra la Vella katikati, tiketi ya basi ya kwenda na ya kurudi, na barua ya aya mbili inayosema: natoka Schengen tarehe hii, narudi tarehe hii, naomba kuingia mara mbili kwa sababu hii. Afisa hana wajibu wa kubahatisha nia yako. Usipomwandikia, atakupa 01 na hatakuwa amekukosea.

Mengine ni yale ya kila faili la Schengen, nayapita haraka. Pasi iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na uhai wa miezi mitatu zaidi ya siku ya kutoka, na kurasa mbili tupu. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, tangu Juni 2024. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla, na mimi sikubali faili la siku 15. Jibu la kawaida ni siku 15 za kalenda, lakini wana haki ya kufika 45. Taarifa ya benki iseme hela zimetoka wapi. Milioni sita zilizoingia juzi usiku hazisemi kitu isipokuwa kwamba una rafiki mzuri. Mtoto asiyesafiri na wazazi wote wawili awe na cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa.

Kwenye bima ndipo nasimama kidogo. Schengen wanataka bima isiyopungua yuro 30,000. Wengi wananunua iliyoandikwa "Schengen", ya bei ya chini, na ubalozi unaipokea bila neno. Sasa Andorra si Schengen. Ukivunjika mguu huko juu kwenye theluji, karatasi yako inaweza kuwa haikujui. Nunua inayotaja Ulaya nzima au inayotaja Andorra kwa jina, na kama una mpango wa kuteleza kwenye theluji hakikisha mchezo huo umo, maana bima nyingi za kawaida zinauondoa. Mwenye kwenda Grandvalira, eneo lao la kuteleza kwenye theluji, bila bima hiyo, mimi namwambia abaki chini anywe kakao.

Siku zako zihesabu kana kwamba hukutoka. Sheria ya Schengen ni siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku za Andorra kwa haki hazimo. Lakini kama mpakani hawakugonga muhuri, utazithibitishaje? Tangu 12 Oktoba 2025 Ulaya imeanza kuhamia kwenye mfumo wa kuandikisha kuingia na kutoka kwa picha ya uso na alama za vidole badala ya mihuri, kwa hiyo ubishi wa "muhuri haukuonekana vizuri" unaelekea kuisha. Tunza tiketi za basi na risiti za hoteli. Na kibali cha ETIAS kinachozungumzwa sana hakimhusu anayesafiri na viza. Ni cha wale wasiodaiwa viza ya Schengen, mfano ndugu zetu wenye pasi za Uingereza au Marekani. Akitokea mtu wa kukuuzia ETIAS juu ya viza yako, mwache na bidhaa yake.

Wenye raha ya kweli katika habari hii ni Mtanzania au Mkenya mwenye kibali cha ukaazi cha Ujerumani, Uholanzi au nchi nyingine ya Schengen. Huyo kibali chake na pasi vinamvusha na kumrudisha. Kibali cha Uingereza hakifanyi hivyo. Ndugu wa Muscat mwenye pasi ya Oman naye anahitaji viza ya Schengen kama sisi, wakati wa Dubai mwenye pasi ya Emirati haihitaji tangu 2015.

Nchi nyingine ndogo kwenye orodha ya yule kijana zina mambo yake. San Marino na Vatikani zimezungukwa na Italia na hazina ukaguzi mpakani, hivyo viza ya mara moja inatosha. Monaco unaingilia Ufaransa. Liechtenstein imo Schengen yenyewe tangu Desemba 2011, sijui kwa nini huwa inatajwa. Montenegro ni hadithi nyingine kabisa: ina viwanja vya ndege, na mwenye viza ya Schengen iliyo hai anaweza kuingia hadi siku 30. Huko viza ya jirani ndiyo ufunguo. Nitaiandikia siku yake.

Dada alipata stika baada ya wiki tatu. Kisanduku kilisoma 02. Alinitumia ujumbe akiwa kwenye basi kutoka Barcelona, safari ya kama saa tatu, kisha akapotea hewani, maana vifurushi vingi vya simu vya Ulaya havihesabu Andorra na nilikuwa nimemwonya azime data kabla ya mpaka. Usiku akaibuka kwa intaneti ya hoteli: "Kaka, hakuna hata aliyeniomba pasi! Tumehangaika bure."

Nikamjibu asubiri siku ya kurudi.

Siku hiyo basi lilisimamishwa. Kodi ya mauzo ya Andorra ni asilimia 4.5, Hispania ni 21, kwa hiyo watu wa forodha wana sababu ya kupekua. Sigara, kwa mfano, mwisho 300 kwa mtu mzima. Abiria wote walishushwa na mabegi. Manukato yake yalikuwa ndani ya kiwango, tulikuwa tumeyahesabu hapa hapa ofisini. Afisa mmoja akapita akikusanya pasi, akazirudisha moja moja.

"Ya kwangu aliishika muda mrefu kuliko za wenzangu," aliniambia. "Akafungua ile stika, akaweka kidole pale kwenye 02. Halafu akaniuliza kama nina sigara."