Kabla hujawatwisha uduvi mzigo wa mwani

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Tangi langu la kioo la samaki na mimea ni la lita 60, niweke uduvi wangapi mwani uishe?" Nami hujibu kwa kuuliza: taa yako huwaka muda gani kwa siku? Wengi husema saa 10, wengine 12, na wapo wanaoiwasha wakiamka na kuizima wakienda kulala. Kwa taa ya namna hiyo hata uduvi 100 watakuwa wanateka maji kwa pakacha.

Mwani hauna makuu. Unataka mwanga, naitrojeni, fosforasi, na mahali ambapo mimea imelegea. Mmea wenye afya hunyonya virutubisho na kuendelea kukua. Mmea uliodorora huvujisha uozo wake majini, na mwani hushika papo hapo. Tazama vizuri utaona: mwani hauanzii kwenye jani changa la juu, huanzia kwenye lile la chini lililochoka. Mimi nikiona hivyo nashika mkasi, nalikata jani, nashusha taa hadi saa 6 kwa siku, nanyonya uchafu wa chini kwa mpira na kubadilisha maji. Kisha naongeza mimea inayokua mbio. Inayoelea ndiyo bora, kwa sababu hujipatia hewa ya ukaa moja kwa moja juu ya maji na wakati huohuo hutia kivuli. Baada ya wiki 2 au 3 za kazi hiyo ndipo nawaza uduvi.

Tena si uduvi yeyote. Anayekula mwani kwa bidii ni uduvi wa Amano, aliyepewa jina la Takashi Amano (1954–2015), Mjapani mpiga picha na msanii wa bustani za majini, ambaye ndiye aliyewapa sifa walio nayo leo kwa kuwaweka katika matangi yake. Maandishi ya zamani humwita Caridina japonica, na tangu 2006 wataalamu humwita Caridina multidentata. Ni mnyama yuleyule, usiuziwe mara mbili. Mkubwa hufika sentimita 5. Mtambue kwa alama za ubavuni: dume ana safu za vitone, jike ana vistari vilivyokatikakatika. Nasisitiza alama kwa sababu kuna uduvi wengine wengi wenye mwili kama kioo wanaouzwa kwa jina hilo, na hao utawaweka mwezi mzima bila kuona mwani ukipungua.

Wale wadogo wekundu wa cheri, Neocaridina davidi, nawapenda sana, ila tusidanganyane. Hao hulamba utando laini unaofunika mawe na majani, na kwa kulamba kutwa kucha huzuia utando usikomae. Nyuzi ndefu hawaziwezi. Faida yao ni kuzaana: jike hubeba mayai chini ya tumbo kwa wiki 3 hivi, na watoto hutoka wakiwa uduvi kamili, wadogo tu. Uduvi wa Amano hata akibeba mayai mamia kwa mamia, hutapata kitu tangini, maana watoto wake huanza maisha kama lava, yaani viluwiluwi wadogo, wanaohitaji maji ya chumvi. Kwa hiyo unaowanunua ndio utakaokuwa nao. Kwa lita 60 mimi huanza na 10.

Sasa tuje kwenye mwani wenyewe, maana hapa ndipo watu wengi hupotea. Huita kila kitu cha kijani "mwani" na kutarajia dawa moja.

Ule wa kahawia, kama vumbi juu ya kioo na majani, ni daiatomu, mwani wa chembe moja moja. Huja tangi likiwa jipya, na uduvi huumaliza bila jasho. Nyuzi laini za kijani, zikiwa fupi, uduvi wa Amano huzivuta na kuzila kama tambi. Zikishakuwa ndefu kama kidole, wewe ndiye utakayezisokota kwenye mswaki wa zamani kwanza, wao wamalizie mashina. Vidoa vigumu vya kijani kwenye kioo hawavigusi kabisa, kwani miguu yao imeumbwa kuchukua vitu laini na si kukwangua. Hapo tumia wembe au konokono wa nerite, na uangalie kama fosfeti (fosforasi iliyoyeyuka majini) haijashuka mno, kwa sababu vidoa hivyo hupenda maji yenye upungufu huo. Maji yenyewe yakiwa ya kijani kama supu, huo ni mwani wa chembe moja moja unaoelea, na uduvi hana la kuufanya. Taa ya urujuanimno ndani ya chujio huyasafisha kwa siku chache.

Kuna tandiko la kijani-bluu, linateleza, linanuka, ukilivuta linabanduka kama ngozi. Huo si mwani, ni bakteria. Hakuna uduvi anayeula. Nyonya unachoweza kwa mpira, kisha funika tangi gizani kabisa kwa siku 3 au 4, pampu ya hewa ikiendelea.

Na kuna ndevu nyeusi, adui wangu wa miaka mingi. Ukiona jina usidanganyike: kwa ukoo ni mwani mwekundu. Ukiwa hai na mgumu, uduvi huupita kama hajauona. Nilikuja kugundua kuwa kazi inahitaji kugawanywa. Nazima pampu, nachukua sindano isiyo na ncha na kudondoshea glutaraldehaidi ya akwaria (kemikali ya majimaji inayouzwa kwa matangi kama haya) juu ya ndevu zenyewe, bila kuzidi kipimo cha siku kilichoandikwa kwenye chupa, nasubiri dakika chache, naiwasha pampu tena. Baada ya siku kadhaa ndevu hugeuka waridi. Ni rangi ya kifo. Hapo utawaona uduvi walewale waliokuwa wakizipuuza wamezivamia, na jiwe hubaki safi.

Kosa lililonigharimu zaidi nililifanya kwa huruma. Nilikuwa nikiwapa uduvi wangu chakula cha samaki kila jioni, kwa hofu kwamba mwani hauwashibishi. Walinenepa, wakajifunza saa ya chakula, wakawa wanasubiri kona moja mikono kifuani, na nyuzi zikarefuka nyuma yao. Mgeni huyu hata siku ya tatu sikumpa jembe! Siku hizi tangi likiwa na mwani siwapi chochote kwa siku 4 au 5. Kama hakuna mwani, punje kidogo mara 2 kwa wiki zinatosha.

Kuhusu kuwaweka hai nitasema machache. Tangi liwe limeshakomaa, yaani amonia na naitriti, sumu zinazotokana na uchafu, zisome 0 kwenye kipimo, kazi ambayo huchukua wiki 4 hadi 6. Shaba huwaua, kwa hiyo soma chupa za dawa za samaki, na dawa za kuua mwani hasa, kabla ya kumimina. Ukiingiza gesi ya hewa ya ukaa majini, wengi hulenga miligramu 30 kwa lita kwa ajili ya mimea. Mimi hubaki chini ya hapo, na nikiona uduvi wote wamepanda juu karibu na uso wa maji, nafunga gesi kwanza na kuuliza maswali baadaye. Maji badilisha kidogo kidogo, sehemu ya kumi hadi ya tano kwa wiki. Mabadiliko ya ghafla huwafanya wajivue gamba kabla ya wakati, na wengine hukwamia humo. Gamba tupu linang'aa kama nailoni, usilie msiba wala usilitoe, watalila wenyewe.

Jambo la mwisho ni kifuniko. Uduvi wa Amano aliyewekwa tangi jipya hutembea usiku, hupanda mpira wa hewa na kutoka nje. Mmoja wangu nilimkuta nyuma ya kabati, amekauka, siku 2 baada ya kuhesabu na kupata 9 badala ya 10. Tundu la mpira sasa nimeliziba kwa kipande cha sponji.