Mvuke hauonekani

Juzi mtoto wa jirani alinisomea daftari lake la sayansi: "Jua huchemsha maji ya bahari, kisha mvuke mweupe hupanda na kuwa mawingu." Sentensi hiyo nimekwisha kuisikia kwa watu wazima pia, mara nyingi mno, na ndani yake mna makosa mawili.

Mvuke ni maji yaliyogeuka gesi. Maji ya bahari, maziwa, udongo na majani hugeuka mvuke. Mvuke ukipanda hupoa na kurudi kuwa matone, na matone yakikua huanguka kama mvua. Mzunguko wa maji ndio huo, na wengi wanaufahamu. Linalotupoteza ni neno lenyewe.

Kiswahili kina kitenzi fuka, kinachotumika kwa moshi wa jikoni na kwa chakula cha moto. Humo mmetoka fukiza, afanyavyo mtu anayetia udi kwenye chetezo, na kujifukiza, afanyavyo mwenye mafua anayejifunika blanketi juu ya sufuria ya majani yaliyochemshwa. Vukiza ni ndugu yake wa karibu, na mvuke na uvukizaji ni wa ukoo huohuo. Maneno hayo yote yanahusu kitu ambacho watu walikiona kikipanda, kiwe moshi wa ubani au weupe wa sufuria, na ndiyo maana hata leo tunasema chai inatoa moshi. Sayansi ililichukua neno mvuke ikalipa maana finyu zaidi, ya gesi, na gesi ya maji haina rangi wala haionekani kwa macho.

Litazame birika linalochemka kwa nguvu. Pale mdomoni pana nafasi ndogo ambapo huoni kitu, na weupe unaanzia mbele yake. Mvuke ni ile nafasi inayoonekana tupu, tena ndiyo inayounguza vibaya zaidi. Weupe ni matone madogo mno, yaani mvuke uliokwisha kupoa na kurudi kuwa maji. Mawingu nayo ni matone ya namna hiyo, na kule juu zaidi ni chembe za barafu.

Kosa la kuchemka linaniudhi zaidi, kwa sababu linaficha jambo zuri. Maji huchemka yanapofikia joto maalumu, nyuzi 100 za Selsiasi usawa wa bahari na takriban 80 kileleni Kilimanjaro, na mapovu ya mvuke hutokea hadi chini ya chombo. Kuvukizwa hakungoji joto hilo: hutokea usoni pa maji, kwenye joto lolote, na ndiyo sababu kanga iliyoanikwa hukauka hata siku ya mawingu. Kule Uvinza, mkoani Kigoma, watu kwa karne nyingi walichemsha kwa kuni maji ya chemchemi za chumvi ili wapate chumvi, ilhali kwenye mashamba ya chumvi ya pwani maji ya bahari huingizwa kwenye majaruba na kuachiwa jua na upepo. Chumvi hupatikana kote kuwili, lakini majaruba hayachemki kamwe.

Zaidi ya hayo, uvukizaji hupoza, na hili kila aliyekunywa maji ya mtungini analijua ulimini hata kama hakuwahi kulitafutia sababu. Maji hupenya vinyweleo vya udongo, huvukizwa kwenye ngozi ya mtungi, na yanapoondoka huchukua joto la maji yaliyobaki ndani. Joto hilo ni jingi, kwa kuwa molekuli za maji hushikana kwa nguvu: kuigeuza mvuke kilo moja ya maji yaliyokwisha kufika nyuzi 100 huhitaji zaidi ya mara tano ya joto lililoyatoa nyuzi 0 na kuyafikisha hapo. Mvuke hupanda na joto hilo, na hulitoa tena angani unapogeuka matone.

Yule mtoto sikumkataza kusema chai inatoa moshi. Mezani neno hilo linatosha. Nilimwomba tu arekebishe sentensi ya daftarini, naye akaandika upya: "Jua hupasha joto maji ya bahari, mvuke usioonekana hupanda, na ukipoa huwa matone ya mawingu."